Ndoana ya Manyoya

Maji ya kupwa yalimfika Bi Maimuna magotini. Kwenye mshipi alikuwa amefunga ndoana ya mwisho ya marehemu mumewe, iliyosukwa kwa manyoya ya jogoo na uzi wa kanga yake.

"Wifi, irudishe kabatini! Samaki akiikata utalia upya," Mwanamkuu alimwita kutoka mchangani.

"Huko kabatini itavua mende?"

Mumewe kila alipomaliza kusuka ndoana alimtegea kitendawili: kuku wangu anaogelea. Maimuna alijifanya hajui, akampa mji, mpaka miji ikakaribia kuisha.

Mkia wa kolekole ukachomoza. Maimuna akaburuta miguu ili samaki taa waliojificha mchangani wakimbie wasimchome kwa miiba, akarusha ndoana. Manyoya yakatua, kolekole akageuka, mshipi ukakaza. Akauachia uteleze vidoleni, ukienda mbali, ukienda, naye anacheka.