Matawi Yote kwa Mpigo

"Ikizubaa tena leo, Kasiana, kompyuta kuu ya ushirika inahamia Dar, na kazi yako inaondoka nayo," meneja alisema.

Kasiana alikuwa ameshaweka njia ya pili ya waya kati ya kompyuta na diski zake, ili hesabu zisisongamane kwenye njia moja. Kwa usalama, angeweza kuijaribu kwanza kwa tawi moja tu. Badala yake akashika simu inayofikia matawi yote.

"Jamani, matawi yote, tumeni hesabu za tumbaku kwa mpigo!"

"Wote? Utaiua, dada!" wakapiga kelele watu wa tawi la Lusewa.

"Nimesema tumeni!"

Taa za diski zikawaka kama zinagombana. Kwa kidole kilicholowa jasho akabonyeza kuuliza uzito wa tumbaku ya Lusewa. Jibu likatokea kabla hajakiinua. Akabonyeza tena. Likawahi vilevile.

"Bosi," akasema huku anacheka, "waambie watu wa Tunduru nao walete hesabu za korosho zao, bado ina nafasi."