Rudi Nyuma Kidogo

Muuguzi alikuwa amelala kifudifudi baina ya makaburi mawili, saa moja na nusu asubuhi, mlinzi alipomkuta na kumuuliza kama amwitie mtu.

"Niko salama, kaka," alijibu bila kuinua kichwa. "Napiga picha. Tafadhali usinizibie jua."

Mlinzi akasogea. Katika miaka kumi na sita ya kufagia majani makaburini alikuwa ameona watu wakilia, wakigombana, hata wakichumbiana, lakini wa kulala chini kwa hiari yake huyu ndiye wa kwanza.

Muuguzi alikuwa amestaafu miezi minne tu, na wenzake wa wodini walimzawadia kamera. Aliyemtuma makaburini ni mama yake, ambaye kwa miaka thelathini aliendesha studio ya picha, na ambaye sasa magoti yalikuwa yamemfunga kwenye kiti cha dirishani. "Anzia kwa wafu," mama alimwambia. "Hawapepesi macho, hawasogei, na hawarudi kulalamika kwamba umewanenepesha." Kisha akaongeza, kana kwamba limemjia hapo hapo, "Anza na baba yako."

Baba, dalali wa mnada enzi zake, alikuwa na kaburi la kutazamika kweli. Wanawe wawili wa kiume walimsimamishia jiwe jeusi la kung'aa, lenye nguzo mbili, refu kuliko yeye mwenyewe alipokuwa hai. Kushoto jina lake. Kulia, ili kumfurahisha mama, wakachongesha kabisa na jina la mama, bado tarehe tu.

Picha ya kwanza muuguzi aliipiga adhuhuri, jua la utosi, na herufi zote zikapotea. Mama aliishika kwa ncha za vidole kama samaki wa juzi.

"Jua la mchana ni la kuanikia nguo," alisema. "Nenda asubuhi, mwanga uje kwa ubavu, maandishi yatainuka yenyewe. Halafu uko karibu mno. Rudi nyuma kidogo."

Muuguzi akanywea. Alikuwa na miaka sitini, amepokea watoto wa watu wasio na idadi, lakini mbele ya mama bado alikuwa yule msichana aliyeacha wazi mlango wa chumba cha giza cha kusafishia picha na kuunguza picha za harusi ya watu. Tangu siku hiyo mama hakuwahi kumwambia kuwa picha yake yoyote iko sawa. Alilitaka neno hilo. Alilitaka kwa uchu uliomtia haya mwenyewe.

Basi akarudi asubuhi. Safari hii maandishi yalisimama vizuri, hata mtu asiye na miwani angeyasoma.

"Rudi nyuma zaidi," mama alisema. "Na hilo jiwe linang'aa mno, linameza picha nzima. Lisogeze pembeni."

"Ni jiwe la baba, mama."

"Najua ni la nani."

Ikaja picha ya tatu, na ya nne. Mama alizitazama kwa lenzi ya kukuzia, pua nusura iguse karatasi, muda mrefu hata chai yake ikapoa. Muuguzi alimwangalia. Miaka mitatu tangu mzee aondoke, na bado anatafutwa kwenye picha. Kumbe mapenzi ya watu wa zamani hayachuji, alijiambia.

"Huku kwenye ukuta wa makaburi," mama aliuliza, "ni hatua ngapi kutoka kwa baba yako?"

"Kama sitini hivi."

"Pakavu?"

"Pakavu kabisa. Hata miguu ya kamera inasimama vizuri."

"Na hili jiwe dogo lenye ukoga ni la nani?"

Muuguzi alikuwa ameshamuuliza mlinzi. "La fundi saa mmoja. Hakuwa na mke wala mtoto."

"Alikuwa mtu wa makelele?"

"Mama, amekufa miaka sabini iliyopita."

"Nauliza tu. Mpiga picha mzuri anamjua anayempiga."

Ndiyo maana asubuhi ile muuguzi alikuwa kifudifudi kwenye umande. Mbele yake jiwe la fundi saa. Kando yake kipande cha nyasi chini ya ukuta, kimeoga mwanga. Na kule mbali, pembeni kabisa, jiwe la baba, dogo kama kiberiti. Alimpa mlinzi kioo cha mkobani, arushe mwanga ubavuni mwa herufi zilizolika. Mlinzi akakishika kwa mikono miwili na uso wa mtu aliyekabidhiwa serikali. Muuguzi akazuia pumzi, akabonyeza.

Alasiri aliiweka mapajani mwa mama, karatasi bado ina joto la mashine ya dukani. Akasimama, mikono nyuma, kama anayengoja matokeo ya mtihani.

Mama alitazama. Akapima kwa kidole, kutoka jiwe la baba mpaka ukutani. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akatazama tena.

"Hii iko sawa," alisema.

Muuguzi aligeukia dirisha, akajifanya anarekebisha pazia, maana machozi yalikuwa yameshamtoka na hakutaka yaonekane. Alifurahi vibaya sana. Alipogeuka, mama alikuwa ameshika kalamu, na juu ya zile nyasi, kando ya fundi saa, alikuwa amechora duara.

"Ipeleke ofisi ya makaburi kabla hawajafunga, waniandikie hapa," alisema. "Miaka hamsini na minane nimelala na mkoromo wa baba yako. Huko nataka usingizi."