Nafasi ya Nne ya Anyosisye

Sheria ilimruhusu kila mtu kukumbuka mahali panne tu, mbali na nyumbani kwake, pamoja na njia ya kufika huko na yaliyotukia hapo. Aliyetimiza miaka sabini alibakiziwa mahali pamoja tu. Subilaga alipotimiza umri huo, alichagua kaburi la binti yao, Tusekile. Kanisa la Baptisti la Lugombo, alikozamishwa na kuinuliwa akiwa mtu mpya, lingefutika kichwani mwake kabla ya Jumapili.

"Nitalitunza mimi," alisema mumewe, Anyosisye, mbele ya karani wa kumbukumbu.

"Baba Tusekile, nafasi zako zimejaa," Subilaga alimkumbusha. " Una kaburi, zahanati, shamba, na hiyo shule yako ya bweni iliyokufundisha hata kutandika kitanda, unayotuhubiria kuliko mchungaji."

"Futa shule," Anyosisye akamwambia karani, akiwa amesimama wima.

Jumapili alimshika mkewe mkono kwenda kanisani. Walipita mashine ya kusaga, wakakata kona penye mzani wa chai, wakavuka kijito. Kila kitu alimtajia, naye Subilaga alitazama kama mgeni aliyekaribishwa vizuri.

Asubuhi iliyofuata Anyosisye alitandika kitanda. Aliivuta shuka ikakaza kama ngozi ya ngoma, akakunja pembe zake sawasawa, kisha akasita.

"Mama Tusekile, nani alinifundisha kutandika hivi?"

Subilaga, aliyechukia uongo tangu alipotoka majini, aligeukia mto, akaupigapiga.

"Mama yako."

"Alikuwa mkali?"

"Sana. Lakini alikupenda."

Anyosisye akainyoosha shuka upya, kwa heshima.