Jumamosi Iliyo Wazi

Tangu ipigwe marufuku mtu kufanya kazi mahali pamoja zaidi ya siku moja kwa wiki, Bi Saumu alikuwa mkurugenzi wa kampuni tano, na hakukubali Jumamosi yake ilale bure. Alisaka wateja hata matangani. Akishatoa pole, anatoa kadi.

Jumamosi moja, akiwa huko huko, simu ikamletea tangazo: familia inatafuta msimamizi wa Jumamosi, ajuaye kusuka nywele na kupika chapati. Anwani ilikuwa ya nyumbani kwake.

“Hii nani ataniweza?” alijisemea. Akaenda mbio, akaweka ushungi sawa, akabisha hodi mlangoni pake mwenyewe.

“Subiri nje kidogo, mama,” bintiye Nasra akaitikia kutoka ndani. “Kuna mwenzio anamalizia kunisuka.”