Usawa wa Pua

Siwema alipewa na wapima hewa wa mji kichupa cha plastiki kinachokunywa hewa kimyakimya na kuuhifadhi ndani moshi wa magari. Akaambiwa akitundike mlangoni pa chekechea wiki mbili, mdomo chini. Kikikutwa na sumu nyingi, mlango utahamishiwa upande wa bustani, mbali na barabara.

"Hirizi hiyo, shoga?" muuza maandazi akamtania. "Mbona waifunga chini hivyo?"

"Huko juu nani anavuta pumzi? Twiga?"

Siwema akamsimamisha mlangoni mwanawe, mwanafunzi wa hapo aliyekuwa akikohoa tangu masika, akakifunga kichupa usawa wa pua yake, akakizibua.

Lori likapita, vumbi likaelea taratibu juani. Mtoto akafumba macho, akaegemeza shavu ukutani, na yeye na kichupa wakawa kama mapacha kitandani, wakinywa upepo mmoja.