Rosa Kiden Ashuka Arua

Basi la Koboko lilikuwa bado linatafuta mahali pa kusimama, na Rosa Kiden ameshafika mlangoni, viatu vyekundu vya visigino mguuni, kitambaa chekundu kichwani, mkono umeshika bega la mtu asiyemjua.

Dereva akatangaza kwamba watakula hapa Arua, halafu moja kwa moja Kampala. Akipiga honi, asiyekuwamo asimlaumu mtu.

Mumewe, Sajini Kenyi, hakushuka. Alisema atabaki alinde sanduku la Rosa. Sanduku lilikuwa zito kama la mtu anayehama, kwa sababu Kenyi alilipanga mwenyewe, akatia gauni zote, hata zile za shambani. Walikuwa wanakwenda harusini, na kwenye harusi za Kampala, alisema, watu hubadilisha nguo.

"Nenda tembea," akamwambia. "Usikimbie. Mimi iko hapa."

Rosa alishangaa kidogo. Kule Koboko, Kenyi alimhoji hata akichelewa kisimani. Lakini alikuwa na haraka, akaenda.

Alikuwa anakwenda kuiona nyumba yake ya zamani. Kabla ya Kenyi aliishi hapo Arua na Étienne, fundi cherehani kutoka Kongo, mtu mwema, mkimya kama kabati. Kisha akapita Kenyi na gwanda lililopigwa pasi, na Rosa akalifuata gwanda. Étienne akaoa Odile, Mkongo mwenzake. Sasa ulikuwa mwaka wa sabini na sita, na Rosa alitaka jambo moja tu: amkute Odile amekonda na ukuta umebomoka, ili awe analala akijua kwamba alichagua vizuri.

Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa.

Odile naye hakuwa amekonda hata kidogo. Alikuwa na mashavu ya mtu anayelala mchana.

"Wewe ni Rosa," akasema, kabla mgeni hajajitaja. "Karibu, yaya. Mutu wa safari hasimame kwa mulango."

Yaya ni dada mkubwa. Rosa alilimeza lile neno "mkubwa" kama dawa ya malaria, akaketi.

Chai ililetwa, ina sukari. Rosa hakuwa ameonja chai ya sukari tangu Pasaka. Kenyi aliapa kwamba sukari imekwisha hata kambini. Hapa Odile aliichota koponi kama anachota mchanga. Dirishani ulikuwapo mche mzima wa sabuni. Kitandani, mlango ukiwa wazi, aliona blanketi zito la jeshi, la kijivu, ndugu kabisa wa lile la kwake Koboko.

"Kumbe siku hizi cherehani inalisha," Rosa akasema, kwa sauti aliyotaka iwe ya utani.

"Mungu iko," Odile akajibu, akatazama juu ya ua, upande wa stendi.

Kila kitu kilimuudhi Rosa. Maua aliyoyapanda yeye yalikuwa yamechanua kwa ajili ya mwingine. Kuku walikuwa wanene. Étienne mwenyewe hakuwapo. Alikwenda na baiskeli soko la Inde kutafuta nyuzi, na atarudi kula. Hata hilo likamuudhi. Enzi za Rosa, Étienne alikula popote njaa ilipomkuta.

Ndipo Odile akaanza kusonga ugali wa muhogo, na Rosa akapata pa kupumulia. Alikuwa anausonga vibaya! Aliukoroga kama uji wa mgonjwa, mabonge yanamcheka. Rosa akavumilia, akavumilia, mwisho akainuka.

"Lete mwiko. Étienne hapendi mabonge."

Odile akampa bila kubisha. Mama yake Rosa alimfundisha tangu utoto kwamba mwanamke akishaushika mwiko katika jiko la mwenzake, haondoki mpaka ugali uive; kuuacha katikati ni kuitukana nyumba. Hata ugomvi wa wake wenza husubiri ugali.

Odile akabaki anaitazama miguu ya Rosa.

"Viatu hivyo, yaya. Mimi sijapata kuvaa vya namna hiyo. Uniache niende navyo mpaka dukani, nilete chumvi. Bamama wa hapa wanione mara moja tu."

Hapo moyo wa Rosa ukakaa mahali pake. Kumbe na yeye anaonewa wivu. Akavivua kwa miguu, mikono ikiwa kazini, na kwa ukarimu wa mtu aliyeshinda akamwambia achukue na kitambaa, vinakwenda pamoja.

"Vinakupendeza kuliko mimi," akadanganya.

"Nitavitunza," Odile akasema, akatoka.

Rosa akasonga. Ugali ukalainika, ukaanza kuachana na sufuria. Leo Étienne atakula na kujiuliza mkono huu ni wa nani. Ajiulize mwaka mzima.

Honi ikalia.

Odile alikuwa hajarudi. Honi ikalia tena. Ugali ulitaka kugeuzwa mara ya mwisho tu. Rosa akaugeuza, akaufunika, akatoka mbio peku, mwiko mkononi.

Basi likaja polepole, likapunguza mwendo mbele ya lango. Utingo akaruka, akateremsha sanduku la Rosa, akaligonga basi ubavuni. Dirishani, kwenye kiti cha Rosa, kichwa chenye kitambaa chekundu kilikuwa kimelala begani kwa Kenyi. Na Kenyi, kwa heshima zote, akampigia Rosa saluti.

Vumbi lilipotulia, Étienne alikuwa anashuka kwenye baiskeli. Akalitazama sanduku, akautazama mwiko, akaenda kunawa mikono.