Watu Warefu wa Teodora

"Shingo hii umeifanyaje?" Shimba aliuliza, akiinua picha juani.

Teodora aliendelea kuosha brashi.

Katika kibanda chao cha picha pale Kirumba, wawili hao walikuwa wamepatana jambo moja: kila asubuhi kila mmoja achore mtu, chapuchapu, amalize kabla chai haijapoa. Mkono ukizoea mbio, walisema, mtindo utakuja wenyewe. Shimba alichorea kibandani, akiwalenga wapita njia. Teodora alichorea nyumbani, akaja na karatasi ikiwa bado mbichi.

Mwanzoni picha zao zilifanana kama shilingi kwa ya pili. Kisha za Teodora zikaanza kujitenga. Mabega yakapungua. Mikono ikarefuka. Macho yakakua, yakaujaza uso. Odoyo, mwenye duka la vinyago mjini, alizigombea, maana tangu serikali iruhusu biashara huria wageni walikuwa wakimiminika Mwanza.

"Huyu amepata mtindo wake," Odoyo alisema. "Wewe Shimba bado unachora watu tu."

Maneno yale yalimchoma. Shimba akazidisha mbio. Akavuta shingo, akapunguza nyama mashavuni. Watu wake wakatoka kama sanamu za kufukuzia ndege shambani. Akazichana karatasi zote.

"Nifundishe, dada," aliomba. "Japo kidogo."

"Nikufundishe nini? Kila asubuhi najitahidi kumnenepesha, Shimba. Mkono unakataa."

Shimba aliona ni choyo tu. Kesho yake alfajiri akaenda Mkuyuni, kwa Teodora, bila taarifa, akaione siri kwa macho yake. Alijua atamkuta peke yake. Mumewe, Malimi, lile pandikizi la mtu lililokuwa likibeba magunia ya dagaa katika soko la Mwaloni huku likiimba, alikuwa ameenda kuvua visiwani tangu kiangazi. Ndivyo Teodora alivyowaambia watu.

Mlango ulikuwa wazi. Teodora alikuwa ameinamia karatasi, brashi ikikimbia, machozi yakidondokea rangi. Mbele yake, kitandani, ameegemezwa kwa mito, alikaa yule yule mtu wa kwenye picha: shingo ndefu, mikono kama fito, macho yameujaza uso.

"Karibu, Shimba," Malimi alisema.